Dirisha la paani lisiloonekana: jibu kwa msomaji anayejenga Kibaha

Swali: "Boma letu lipo Kibaha, limefika lenta na mwezi ujao tunapaua. Katikati ya nyumba kuna korido ya mita 1.4 kwa 7.5, imekwenda mashariki–magharibi, haina dirisha hata moja. Nimeona picha za nyumba ambazo mwanga unashuka kutoka juu, dari jeupe, hakuna fremu wala kitu chochote kinachoonekana. Naipenda sana ile hali. Fundi wa paa anasema tuchanganye bati moja la plastiki kwenye mabati mengine, yaishe. Mume wangu anahofia kuvuja na joto. Kenchi zinazobeba paa zitaachana mita 1.5. Nifanyeje?"

Dada yangu, umeuliza kwa wakati. Wengi wanaoniletea swali hili nyumba zao zimeshapauliwa, dari limeshafungwa na rangi imeshapigwa, na hapo hakuna la kufanya ila kukata bati jipya kwa msumeno. Wewe bado una boma, na ninachotaka kukushauri kinaanza na tofali, kabla hata ya bati kufika saiti.

Tuanze na zile picha. Zirudie uzitazame polepole. Kioo hukioni. Unachokiona ni ukuta uliojaa nuru, na dari linaloishia kwa mstari mmoja ulionyooka. Fremu ipo, skrubu zipo, silikoni ipo, pengine na nondo zipo, ila vyote vimepandishwa juu ya usawa wa dari, mahali ambapo jicho la mtu anayepita chini halifiki. Kwa hiyo fundi akikuuliza unataka kioo cha aina gani, mwambie hilo ni swali la tatu. La kwanza ni mwanga utue wapi, la pili ni maji yapite wapi.

Kuna jambo jingine kuhusu picha hizo. Nyingi zimepigwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na jua la kule si letu. Mfano ninaoupenda ni maktaba ya Viipuri, aliyoijenga Alvar Aalto wa Finland ikakamilika mwaka 1935. Mji huo leo uko Urusi na unaitwa Vyborg. Kwenye dari la ukumbi wa kusomea alitoboa matundu 57 ya duara, kila moja kipenyo cha mita 1.8, marefu kwenda juu kama mitungi. Kule jua, hata katikati ya mwaka, halipandi zaidi ya nyuzi 52 au 53 kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo miali yake inagonga kuta za mtungi kwanza, na inayomfikia msomaji ni nuru laini isiyotupa kivuli cha mkono kwenye kitabu. Hakuna anayekiona kioo, hakuna anayechomwa.

Chukua matundu yale yale uyalete Kibaha. Ninyi mko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Mtungi wa Aalto ungegeuka bomba la kushushia moto. Siku ya anga safi, mita moja ya mraba ya kioo kilicholala juu ya paa hupokea karibu wati 1000 saa sita mchana, na kioo cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu ya hizo. Ni kama kuning'iniza pasi ya umeme darini na kuiacha inawaka.

Hili nalijua kwa kulitenda. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilichora nyumba yenye kioo cha mita 1.2 kwa 2.4 juu ya meza ya chakula, kimelala pamoja na mteremko wa paa. Siku ya makabidhiano kila mtu alikisifu. Niliporudi baada ya miezi minane, mama wa nyumba alikuwa amegongomelea misumari minne kwenye kona za tundu na kufunga kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Kanga zilikuwa zimepauka katikati, pindo bado jekundu. Meza ilikuwa imesogezwa ukutani, na varnishi ya juu yake ilikuwa imepasuka vipande vidogo vidogo kama matope yaliyokauka. Mama hakunilaumu, alinikaribisha chai tu. Tangu siku ile sijachora tena kioo kinacholitazama jua la utosini bila kitu cha kulizuia.

Pwani yetu ina jibu la zamani kwa jambo hili, nalo liko Lamu. Nyumba za mawe za kule zina vyumba vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na vimepangana kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, kisha misana, yaani kumbi ndefu nyembamba, kisha ndani. Jua linaingia kwenye kiwanda tu, ule uwazi ulioachwa bila paa. Kutoka hapo linagonga kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, linarushwa msana wa kwanza, linarushwa wa pili, hadi linafika kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, vya ndani likiwa limepoa. Aliyesimama kule ndani haoni jua, anaona chokaa ing'arayo. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka ukuta wako wa mwisho wa korido uifanye.

Na habari njema ni kwamba huhitaji mwanga mwingi. Nje, jua la adhuhuri linafika kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Korido ya nyumbani inatosheka na luksi 100, sehemu moja ya elfu. Watu wanafungua tundu kubwa kwa sababu wanafikiri wanauleta mchana ndani, kumbe wanahitaji chembe yake tu, mradi itue mahali pazuri.

Sasa pendekezo langu lenyewe.

Ukuta wa mwisho wa korido, ule wa magharibi, usiishie kwenye mkanda wa zege. Upandisheni kwa tofali hadi karibu na bati. Pandisheni pia kuta mbili za pembeni za korido, lakini kwa mita moja na robo tu ya mwisho inayoungana na ukuta huo. Mtapata kisima cha mwanga chenye kuta tatu za tofali. Dari la jipsamu la korido litoke mlangoni lije lije, kisha likatike sentimita 50 kabla ya kuufikia ukuta wa mwisho. Upande wa nne wa kisima, ule unaoanzia kwenye ukingo wa dari, ndio pekee utakaokuwa wa jipsamu, nao usipande wima. Ulazeni kuelekea mashariki kadiri unavyopanda, ili kisima kiwe chembamba chini na kipana juu.

Ona kinachotokea. Unapotembea kutoka sebuleni, mbele yako kuna ukuta mweupe unaopanda, unaupita mstari wa dari, unaendelea juu na kupotelea kwenye nuru. Hakuna shimo la mraba katikati ya dari, wala fremu ya kuizungusha. Kwenye kazi nzima kuna ukingo mmoja tu wa kunyoosha, ule wa dari, na ukingo mmoja fundi yeyote makini anauweza.

Juu kabisa, kwenye kofia ya paa, pale miteremko inapokutana, jengeni kibanda kidogo. Paa lake liinamie kaskazini. Uso wake wa kusini uwe na kioo kilichosimama wima, upana sentimita 120, urefu wa kwenda juu 45. Nimechagua kusini kwa sababu hii: jua lenu la adhuhuri likienda kusini, kati ya Oktoba na Machi, haliinami zaidi ya nyuzi 17 kutoka utosini. Kioo cha sentimita 45 kinakingwa na ukingo wa paa wa sentimita 14 tu, adhuhuri ya siku yoyote ya mwaka. Mngekielekeza kaskazini, jua la Juni linainama nyuzi 30, ungehitaji karibu mara mbili. Mimi hapo ningetoa ukingo wa sentimita 40, si kwa ajili ya jua, bali kwa ajili ya mvua ya masika inayosukumwa na upepo wa kusi. Asubuhi na jioni za Desemba mtaona miale michache ikipenya kwa ubavu na kupaka ukuta rangi ya dhahabu kwa muda. Iacheni, ni nzuri, na jua la saa hizo halina ukali. (Nikiwa hapa, kwa msomaji wa Muscat aliyeniuliza jambo kama hili: kwako geuza, kioo kitazame kaskazini. Jua la adhuhuri la huko halivuki upande huo mwaka mzima.)

Kioo cha kusimama kina faida ambayo watu hawaifikirii. Ni dirisha la kawaida. Fundi yeyote wa alminiamu wa Kibaha au Mbezi anaweza kulitengeneza, na likivunjika miaka kumi ijayo atakuwapo mwingine wa kulirudisha. Vumbi na mavi ya ndege havikai juu yake, mvua inayapangusa mengi. Hata hivyo, kwa kuwa liko juu ya vichwa vya watu, agizeni kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati, kile ambacho kikipasuka vipande vinabaki vimeshikamana. Mafundi wa vioo wanakijua, mwulizeni milimita 6 ya aina hiyo. Kile kinachovunjika chembechembe kama cha dirisha la gari kinafaa mlangoni, hakifai juu ya kichwa cha mtoto. Na kama mnahofia wezi, wekeni nondo ndani ya kibanda, nyuma ya kioo. Kutoka koridoni hakuna atakayeziona.

Mwambie fundi wa kenchi mapema, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kenchi moja ikae upande wa chumbani, nyuma ya ukuta wa mwisho, na inayofuata ikae mita 1.3 mbele ya ukuta, upande wa korido. Nafasi ya mita 1.5 aliyoipanga inabaki karibu vilevile, ila zote zinasogea. Asije akakata kenchi kwa ahadi kwamba ataifunga kwa kipande. Papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, zitakatika, hilo ni sawa, mradi ncha zake zifungwe kwenye mbao imara zinazolala kenchi hadi kenchi.

Kuhusu kuvuja, mume wako ana haki ya kuhofia, na nataka nimjibu kwa ukamilifu. Dirisha la paani linalovuja, mara nyingi kioo chake hakina kosa. Maji huingilia upande wa juu, pale bati lilipokatwa na mikondo yake ikakutana na ukuta wa fremu. Maji yanashuka na mikondo, yanagonga, yanasimama, yanatafuta tundu la msumari. Kadiri tundu linavyokuwa chini kwenye mteremko, ndivyo maji mengi zaidi ya paa yanavyoliendea. Ndiyo maana nimekiweka kibanda kwenye kofia, mahali ambapo hakuna bati lililo juu yake. Maji pekee yatakayokigusa ni yale yanayokinyeshea chenyewe.

Pale kibanda kinapokutana na bati, wazungushe shiti bapa lililokunjwa, lipande ukutani kwa kibanda angalau sentimita 15, na chini lilale juu ya migongo ya bati, lisiingie chini yake. Kisha sikiliza sana hili: silikoni haizuii maji ya paa. Bati la mita 6 linalopata joto la nyuzi 40 zaidi mchana kuliko usiku linarefuka karibu milimita 3. Kila siku linakwenda na kurudi. Hakuna gundi ya tyubu itakayovumilia mchezo huo kwa miaka. Maji yazuiwe kwa mpishano wa mabati, la juu likimlalia la chini, na silikoni iwe msaidizi wa mwisho tu. Fundi akikuambia "tutapiga silikoni", mwombe akuonyeshe mpishano kwanza.

Kabla ya jipsamu kufungwa, chukueni mpira wa maji, mtu mmoja apande juu, mwingine abaki ndani na tochi. Anzeni kumwagia chini ya kibanda, dakika kumi, mpande pembeni, dakika kumi, mwisho juu. Mkianzia juu maji yatashuka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Tone likionekana, lifuateni kwa kidole hadi lilipoanzia, msikubali kuambiwa ni jasho la bati.

Tukija kwenye kumalizia, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwanga unaoshuka sambamba na ukuta hauna huruma. Donge la lipu ambalo chini ya taa ya kawaida usingeliona mwaka mzima, hapa linatupa kivuli kirefu kama kichuguu. Nimeona ukuta uliopigwa lipu na fundi mzuri kabisa, ulipofunguliwa kisima cha mwanga kila mvuto wa mwiko ukasomeka kama mistari ya daftari. Basi ukuta wa mwisho upigwe lipu na rula ndefu ya alminiamu, ya mita 2, wala si kipande cha ubao. Skimu, ule mpako laini wa mwisho, ikishakauka, njooni usiku, zimeni taa zote, bandikeni tochi kwenye ukuta pale juu ielekee chini. Zungushieni penseli kila donge na kila bonde. Fundi arudie hapo hapo, mwangalie tena usiku wa pili. Ni kazi ya siku mbili, na hakuna rangi ya bei yoyote itakayofanya kazi hiyo baadaye.

Rangi iwe nyeupe isiyong'aa, kuanzia sakafuni hadi juu kabisa ndani ya kibanda, pamoja na ule upande wa jipsamu uliolazwa. Msikatishe rangi kwenye usawa wa dari mkaacha lipu ghafi juu, kwa kuwa hako kakijivu ndiko kanakomeza nuru. Ya kung'aa itaakisi kioo na nondo, na kile mlichokificha kitaonekana kwenye ukuta. Ukingo wa dari uwekewe kona ya chuma ile nyembamba yenye matundu, kisha uskimiwe juu yake uwe mkali kama makali ya karatasi. Na tafadhali, mikanda ya mapambo ya jipsamu inayopita kwenye kona za dari, koridoni humu msiiweke kabisa. Sichukii mapambo, sebuleni wekeni mtakavyo. Ila hapa mmelipa gharama ili jicho lipande na ukuta bila kukwazwa.

Chini ya ukingo wa paa la kibanda, pande za mashariki na magharibi, acheni nyufa mbili za sentimita 5 zenye wavu wa mbu. Hewa ya moto ya nyumba itapandia kisimani na kutokea hapo. Kwa hali ya hewa ya Kibaha hilo peke yake lina thamani. Ndugu zetu wa Njombe au Limuru, kwenye usiku wa baridi, wangepaswa kufikiria kinyume, yaani mvuke wa jikoni unaogeuka matone kwenye kioo na kudondoka asubuhi, lakini hilo si tatizo lenu.

Bati la plastiki la fundi wako lina mahali pake: stoo, banda la kuku, gereji. Koridoni lingekudai tundu darini na kifuniko cha pili cha kupitisha mwanga chini yake, na juu ya kifuniko hicho ndani ya mwaka mmoja ungeona vivuli vya vumbi, nyigu waliokufa na kinyesi cha mijusi, mahali usipoweza kufikisha kitambaa. Plastiki yenyewe hupauka na kuwa ya njano kwa jua, na mvua kubwa ikinyesha hamtasikizana.

Kama bafu la ndani nalo halina mwanga, hapo usijenge kibanda kingine. Kuna mabomba ya mwanga yanayoakisi ndani kama kioo cha kujitazamia, ya kipenyo cha sentimita 25 au 35, yanayotoka kwenye bati hadi dari na chini yanaonekana kama taa ya duara. Moja linatosha.

Limebaki la usiku. Tundu lolote la juu, jua likizama, linakuwa jeusi, na ukuta uliozoea kuuona ukiwaka unakuwa kama umefumba macho. Mwambie fundi umeme apitishe waya kabla ya lipu hadi ndani ya kisima, nyuma ya ukingo wa dari, sentimita 30 juu yake, afunge taa nyembamba ndefu ya rangi ya joto inayoelekea ule ukuta wa mwisho. Swichi yake aiweke mlango wa sebuleni. Ukiibonyeza saa moja jioni, nuru itatoka palepale ilipokuwa ikitoka mchana.